Herufi Kubwa kwa Kidole Gumba

Klavie zetu za Goma, yaani vile vitufe vya kuandikia, ni za Kifaransa, na aliyezibuni hakukihurumia kidole kidogo. Mstari wa juu, ambao kwingine ukiugusa tu unakupa namba, kwetu unakupa é na à na vialama vya kunukuu. Ukitaka namba sharti ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Hata nukta, nukta tu ya kumaliza sentensi, sharti ushikilie, la sivyo unapata nukta-mkato. Sasa fikiria tarehe zote, kurasa zote, majina yote ya watu na ya vijiji ambayo mpiga chapa anayapitisha kwa siku moja. Kazi hiyo yote inakiangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Katika mkono mzima, aliye mdogo kuliko wote ndiye aliyefanywa kibarua.

Mimi nilikuwa na kidole kidogo kizuri. Nilikipata nikiwa msichana, kwa mazoezi, katika secrétariat moja ya mtaa wa Birere. Wasioijua kazi hii wajue kwamba secrétariat ni kibanda cha kuchapia watu karatasi zao: maombi ya kazi, vyeti vya makazi, mialiko ya harusi, na zaidi ya yote mémoire, yale maandiko marefu ambayo mwanafunzi wa chuo haachiwi kwenda zake mpaka ayakabidhi. Chetu kilikuwa chumba kimoja kati ya muuza vitenge na fundi wa pikipiki. Mwanafunzi aliyekuja kutusomea sura yake alisoma kwa kupiga kelele, maana nje fundi alikuwa anajaribu injini.

Mwenye kibanda tulimwita Patronne. Alikuwa mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Maniema wakifuata biashara, mtu wa kilemba kilichonyooka na sauti ya chini. Hakuwahi kunigombeza kwa kelele. Alipochukia alisema polepole zaidi, na hapo ndipo tulipoogopa.

Mpiga chapa wa pili alikuwa mzee kutoka milima ya Masisi. Nilimwita Muzee, kama kila mtu. Alijifunza kazi kwenye mashine nzito za chuma, ofisini, na mashine yake ya mwisho ilimezwa na lava ya mlima wetu wa moto katika mlipuko wa kwanza niliouona maishani, nikiwa bado nabeba mkoba wa shule. Alikuwa amechapa barua za serikali, kisha za waasi, kisha za serikali iliporudi, kisha za waasi wengine. Akiulizwa aliwapenda akina nani, alijibu kwamba karatasi haina chama. Mimi na yeye tulitaniana tangu asubuhi hadi kufunga mlango. Alisema ninakimbia sana na makosa yatanikuta.

“Mutoto wangu, kimbia tu,” aliniambia. “Ma fautes ziko zinakungojea kule mbele, zimekaa kwa kiti.”

Nilimjibu kwamba kwa mwendo wake yeye mwanafunzi atamaliza mémoire akiwa na wajukuu. Alicheka mpaka akavua miwani.

Tulikuwa na kompyuta mbili. Moja nzuri, iliyofungwa kwenye betri, na moja nzee ambayo umeme ukiondoka nayo inaondoka. Kwa sababu hiyo hatukuwa na kiti cha mtu. Mwenye kazi ndefu alikaa kwenye ile nzuri, mwenye kazi fupi kwenye ile nzee, na mteja akiingia na haraka zake tulibadilishana, wakati mwingine mara nyingi kwa asubuhi moja.

Tena kuna tabia moja ya wapiga chapa wa Goma ambayo mgeni akiiona anacheka. Umeme wetu hauondoki bila kuaga. Taa inapepesa mara moja, na ndani ya pepeso hilo kila aliyekaa mbele ya kompyuta mtaa mzima anapiga amri ya kuhifadhi kazi yake: kidole kidogo kwenye kitufe cha pembeni kabisa, chini kushoto, na kidole kingine kwenye S. Hatufikirii. Unaweza kuwa unaongea na mteja, kichwa umekigeuza, mkono unakwenda wenyewe. Nimemwona Muzee akihifadhi kazi andazi likiwa mdomoni. Tumeokolewa hivyo mara nyingi zaidi kuliko na betri.

Kisha mlima ukafunguka tena. Nilikuwa mtu mzima sasa. Jioni anga likawa jekundu, lava ikashuka hadi upande wa Munigi ikasimama pale, tukadhani yamekwisha. Hayakwisha. Ardhi iliendelea kutetemeka, barabara zikapasuka, na mwisho wakubwa wakatangaza watu watoke mjini. Tulielekea Sake, kila mwenye miguu. Mimi na mama yangu, ambaye niliishi naye mtaa wa Majengo na ambaye alikuwa ananitegemea mimi, tulipata nafasi kwenye lori la viazi. Nilipanda mwisho, nikashika ukingo, na mtu wa chini, kwa nia njema kabisa, akainua mlango wa nyuma wa lori akaufunga kwa nguvu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa pale.

Sikupiga kelele. Pembeni yangu kulikuwa na mama ambaye hakujua watoto wake wamepanda lori lipi, na niliona haya kulia vidole mbele yake. Kule Sake hakuna aliyekuwa na muda wa vidole. Mfupa ulishikana kama ulivyotaka wenyewe. Kidole kidogo na jirani yake vilibaki vimepinda, haviinuki, havibonyezi, vimelala tu pale vilipolala.

Mji ulipofunguliwa tena nilirudi kazini na kitambaa mkononi. Nilijaribu. Mkono wa kulia ulitaka kubeba yote, ukaanza kuvimba kwenye kifundo. Nikajaribu kile kitufe cha kufunga herufi kubwa, nibonyeze, niandike herufi moja, nibonyeze tena. Nikisahau, ukurasa mzima unapiga makelele kwa herufi kubwa. Na ubaya zaidi, kile kidole kilichopinda kilianguka chenyewe kwenye kitufe cha pembeni, kile cha amri. Naandika P ya “province”, kompyuta inadhani nataka kuchapisha. Naandika W ya “Walikale”, kazi yote inajifunga mbele ya macho yangu. Wateja walianza kumwomba Muzee.

Patronne alinitazama kwa siku chache. Halafu akaja akaweka mkono begani.

“Pole, mutoto wangu. Utashika photocopie. Kazi ni kazi.”

Upole wake uliniuma kuliko ule mlango wa lori. Photocopie inashikwa na yeyote anayejua kubonyeza kitufe cha kijani, na siku yoyote binamu wa mtu angekuja akakibonyeza badala yangu. Kuchapa ndiko kulikokuwa kwangu. Ndiko kulikonifanya nitoke Majengo asubuhi nikiwa nimenyoosha shingo. Nilimshukuru Patronne, nikaenda kusimama kwenye photocopie, nikachukia kila karatasi iliyopita chini ya taa ile.

Nilitafuta kwenye simu, wakati wa kungoja wateja. Niliandika kwa Kifaransa maswali ya mtu aliyekata tamaa: kuchapa na vidole vitatu, kuchapa na kidole kilichovunjika. Nikaangukia mazungumzo ya watu wa mbali, watu wa kompyuta wenye mikono mizima, ambao walikuwa wanahamisha vitufe kwa sababu tu ya kutaka mwendo. Mmoja alisema kidole gumba ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na klavie imekipa kazi moja tu ya kuacha nafasi. Akakipa nyingine. Nilisoma hapo nikasahau karatasi ndani ya mashine. Maisha yangu yote nilikuwa nimeamini kwamba vitufe vimewekwa na Mungu pale vilipo.

Kumbe ni programu ndogo tu. Siku ambayo Muzee alikwenda mazishini nilikaa kwenye kompyuta nzuri nikaipanga. Ule ubao mrefu wa chini, ukiugusa unaacha nafasi kama kawaida. Ukiushikilia kwa kidole gumba, herufi inayofuata inakuwa kubwa, namba inakuwa namba, nukta inakuwa nukta. Kitufe kilicho jirani na ubao huo, chini ya kidole gumba hicho hicho, kikapokea kazi ya amri. Na kile cha pembeni kabisa nikakiua, ili kidole changu kilichopinda kilale juu yake kwa amani. Vingine vyote niliviacha vilivyokuwa, kwa ajili ya Muzee.

Mwanzoni ilikuwa vurugu. Kidole gumba kilichelewa kuachia, na herufi kubwa zikaota katikati ya maneno. Lakini kidole kinafundishika. Kikazoea. Tena kwa kuwa amri sasa zilikuwa chini ya kidole chenye nguvu, nikaacha kukishika kile kipanya cha kompyuta. Niliruka neno kwa neno, nikabeba sentensi nzima nikaihamisha sura nyingine, nikasahihisha jina lililokosewa katika mémoire nzima kwa mguso mmoja. Profesa akirudisha kurasa zimejaa wino mwekundu, mwanafunzi alikaa akanywa chai, na kabla kikombe hakijaisha nimemaliza. Nilikuwa mwepesi kuliko kabla ya lori. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa kujisifu kidogo. Patronne alisimama nyuma yangu akaangalia, akarudi kwenye meza yake, na kesho yake photocopie akaishika mwenyewe.

Nilimweleza Muzee yote. Kwake hakuna kilichobadilika, nilimwambia, ila kitufe cha pembeni kimekufa. Taa ikipepesa, tumia kidole gumba. Aliitikia. Alirudia hata maneno yangu. Lakini mkono wa miaka mingi hausikii ya mdomo.

Siku yenyewe mimi nilikuwa nimepeleka karatasi ofisini, na Muzee alikaa kwenye kompyuta nzuri tangu asubuhi akichapa sura ya mwisho ya binti mmoja wa chuo aliyetakiwa kukabidhi kesho yake. Kompyuta zetu za mitumba hazikujihifadhia kitu zenyewe. Betri siku hizo ilikuwa imechoka. Niliporudi nilikuwa mlangoni taa ilipopepesa, nikauona mkono wa Muzee ukienda, kidole kidogo pembeni, kidole kingine kwenye S. Kwenye kioo, mwisho wa sentensi, ikatokea s moja ndogo. Kisha giza. Sura nzima ilikwenda.

Yule binti hakugomba. Alisimama akalia na mkoba wake kifuani, na hilo lilikuwa baya zaidi. Jirani mwenye jenereta alitupa waya. Muzee alisoma mwandiko wa binti kwa sauti, mimi nikachapa, na alasiri ikaisha tukiwa tumeirudisha sura yote. Binti akaondoka na karatasi zake, akatushukuru hata. Muzee alikuwa hajataniana na mtu tangu giza lile.

Patronne aliongea polepole sana.

“Mashini ni ya batu bote. Vitufe birudi fasi yabo ya zamani.” Akanigeukia. “Weye, maliza hizi mémoire, juu batoto ya chuo bako nakungojea. Kisha unabirudisha, na utarudi kwa photocopie. Si malipizi, mutoto wangu. Haiwezekane kiti moja ikuwe na sheria mbili.”

Nilimwangalia Muzee. Nilitaka aseme chochote. Angeweza kusema kwamba nilimweleza, kwamba ni bahati mbaya, kwamba kitufe kimoja tunaweza kukifufua. Alikuwa anafuta miwani. Alisema tu, “Tutaona, Mama,” na akachukua koti.

Nilichukia. Nasema wazi, nilimchukia yule mzee kwa moyo wote kwa majuma kadhaa. Salamu yangu ikawa fupi. Na kama vile haikutosha, akaanza kufika kazini kabla yangu. Mimi niliyezoea kufungua mlango nilimkuta ndani, kwenye kompyuta nzuri. Akiniona anainuka haraka, anahamia kwenye ile nzee, na kiti nakikuta bado kina joto lake. Niliona anajizoeza kukaa mahali pangu kabla sijapaacha. Ngoja tu, nilijiambia, wacha azoee.

Wakati huo waasi walikuwa wanasogea. Barabara ya Sake ilijaa watu waliobeba magodoro, na kutoka upande ule mabomu yalisikika mchana kweupe. Kioo cha dirisha kilitikisika, tukanyanyua vichwa, tukavirudisha. Kazi zilibadilika. Mémoire zilipungua, wakaja watu wa milimani waliopoteza vitambulisho vyao njiani, wakitaka karatasi ya kuthibitisha kwamba wamepoteza karatasi. Muzee alizichapa nyingi kwenye ile kompyuta nzee. Walikuwa watu wa kwao, aliwauliza habari za vijiji kwanza.

Asubuhi moja mmoja wao alirudi. Alikuwa mtu mzima mpole, mfugaji aliyekuja bila ng’ombe hata mmoja, na aliomba radhi kabla hatujajua kosa. Ofisini wameikataa karatasi yake. Patronne aliipokea, akaisoma, akaiweka mezani tuione wote.

Kwa kweli ilikuwa vituko. Majina hayakuwa na herufi kubwa, na mbele ya kila jina palikuwa na pengo, jeupe, pana. Sentensi haikuisha kwa nukta. Iliisha kwa pengo na nukta-mkato. Mwaka ulipotakiwa kuwa namba palikuwa na pengo na kundi la é na à, kama mtu aliyejaribu kuandika akipiga chafya.

Patronne alimtengenezea yule mfugaji kiti, akamletea chai, kisha akamwita Muzee pembeni. Kibanda kilikuwa kidogo. Pembeni yetu kila mtu anasikia.

“Papa,” alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. “Macho imechoka. Umefanya kazi ya kutosha. Hakuna mutu atakusema vibaya. Upumzike sasa.”

Muzee aliinamisha kichwa. Nakumbuka niliwaza, kwa ukali ule niliokuwa nao, kwamba sasa kila mmoja wetu amepata chake. Nikaichukua ile karatasi niichape upya, maana yule bwana alikuwa anangoja.

Nilipoweka vidole kwenye klavie nikaona. Pengo mbele ya kila jina. Pengo mbele ya kila nukta. Pengo mbele ya kila namba. Hayakuwa macho. Jicho lililochoka linakosea ovyo, na huyu hakukosea ovyo hata mara moja. Kila palipotakiwa herufi kubwa alikuwa ameushikilia ubao wa chini kwa kidole gumba, na ile kompyuta nzee, ambayo haikupangwa, ilimpa alichoomba kwa lugha yake: nafasi, nafasi, nafasi. Yeye miwani yake na macho yake vilikuwa kwenye mwandiko wa karani wa kijiji aliokuja nao mfugaji. Mkono wenyewe ulichapa kwa vitufe vyangu.

Hakuwa anazoea kiti changu. Alikuwa anazoea mpangilio wangu, asubuhi kabla ya mtu kufika, yule mzee wa mashine za chuma.

“Mama Patronne,” nilisema, “macho yake ni mazima. Hii ni kidole gumba.”

Nikamwonyesha. Nilichapa mstari uleule kwenye kompyuta nzuri, kwa kidole gumba, ukatoka safi. Nikauchapa kwenye ile nzee, vilevile, yakatoka mapengo yaleyale. Patronne aliangalia karatasi, akaangalia kioo, akamwangalia Muzee.

“Papa, ni kweli?”

“Nilisema nitajifunza pole pole, mutu asijue,” Muzee alisema. Alikuwa na aibu kama aliyefumaniwa akila jikoni. “Sasa kidole kimejua ya huyu, kimesahau ya zamani. Nikikaa kwa ile mashini ingine, kinaniachia mashimo.”

“Na juu ya nini hukusema?”

“Ningesema nini? Mashini ikirudia vile ilikuwa, huyu mutoto anarudia photocopie. Ikibaki vile iko, miye njo niko na mikono mizima.” Alinyoosha mikono yake miwili, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba kitu. “Mwenye mikono mizima njo anahama.”

“Kwa miaka yako, Papa? Samaki anakunjwa angali mbichi.”

“Na akikauka, Mama, unamuloweka.”

Yule mfugaji alicheka kwenye chai yake. Patronne naye akacheka, halafu akaacha, akavuta pazia la nyuma akaenda kusali, maana adhuhuri ilikuwa imefika. Mimi nililia pale kwenye klavie, mbele ya wateja, na sikufuta uso. Nilikuwa nimesubiri mtu anitetee kwa mdomo, na yeye alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko maneno. Muzee alisogeza kiti akaniambia niache kulowesha mashini, betri itashtuka.

Patronne alipotoka nyuma ya pazia alikunja mkeka wake akauweka mahali pake.

“Panga na hiyo ingine,” aliniambia, akielekeza kidole kompyuta nzee. “Zote mbili zikuwe vile vya mikono yenu.”

Nikaipanga. Tangu siku hiyo wateja waliotaka kutuazima kompyuta kidogo tu waandike mstari mmoja walishindwa, wakaturudishia kiti wakilalamika kwamba secrétariat yetu ina uchawi. Utani wetu ulirudi. Muzee alidai sasa mimi nimemharibu, hawezi kuajiriwa popote duniani ila kwetu, na nikifa kabla yake nitamwacha kilema. Nilimwambia sitakufa, nina kazi zake za kusahihisha.

Waasi waliingia mjini mwanzoni mwa mwaka. Sitasimulia sana siku zile. Mimi na mama tulilala chini, mbali na madirisha, tukasikiliza risasi zikipita juu ya mabati ya Majengo, na maji yalipoisha tukavumilia kiu. Kulipotulia nilitembea hadi Birere. Mlango wa kibanda ulikuwa umevunjwa. Kompyuta zote mbili hazikuwepo, wala betri, wala waya. Muzee alikuwa amefika kabla yangu, amekaa kwenye benchi la wateja, ambalo hakuna aliyelitaka. Nilikaa karibu yake. Niliwaza kwamba sasa hakuna kiti cha kugombea wala sheria ya kiti, na kwamba hata photocopie ningeipenda kama ingekuwepo.

Patronne alikuja siku iliyofuata na kitu ndani ya kitenge. Ilikuwa kompyuta ya kubeba ya binti yake, aliyekuwa amevuka mpaka. Aliiweka juu ya benchi, mbele ya Muzee kwa kuwa ndiye mkubwa. Akaifungua mwenyewe.

Muzee hakugusa vitufe. Aliisukuma taratibu mpaka magotini pangu.

“Ipange yetu,” alisema.

Niliinama nikaanza kupanga, ubao wa chini, kitufe cha jirani, kile cha pembeni nikakiua, na macho yangu hayakuona vizuri nilichokuwa nafanya. Yetu, alisema.

Kabla sijamaliza aliingia mteja wa kwanza, mama wa makamo mwenye ukosi wa kitenge uliochanika. Kijana wake alitoka siku ile ya risasi kutafuta maji na hakurudi. Alitaka karatasi za kubandika ukutani, hospitalini na sokoni, zenye jina la kijana na nguo alizovaa. Nilimalizia kupanga, nikampa Muzee kompyuta, kwa kuwa yule mama alikuwa anaongea lugha ya milimani na yeye ndiye aliyeijua.

Yule mama aliomba jina liandikwe lote kwa herufi kubwa, ili mtu anayepita mbali alione. Akalitaja. Muzee aliushikilia ubao kwa kidole gumba akachapa jina la kwanza, akaachia, akagusa nafasi, akashikilia tena akachapa la pili, polepole, bila kukosea. Hakuangalia vitufe hata mara moja. Muda wote alikuwa anamwangalia yule mama.